FreeBSD haioni kadi ya mtandao? Anza na pciconf

Ukiandika ifconfig (amri ya kuorodhesha violesura vya mtandao) kwenye mfumo endeshi wa FreeBSD ukakuta lo0 peke yake, yaani kile cha ndani ya mashine yenyewe, usikimbilie bisibisi wala kusakinisha mfumo upya. Andika kwanza:

pciconf -lv

Amri hii huonyesha kila kifaa cha PCI (njia ya kuunganisha kadi ndani ya mashine), kiwe na draiva, yaani programu ya kukiendesha, au kisiwe nayo. Tafuta chenye "class = network", kisha tazama jina lililo mwanzo wake. Likiwa none0 au none1, kadi inaonekana vizuri tu, ila hakuna draiva iliyoishika. Isipotokea kabisa, hapo ndipo uingie BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) uone kama imezimwa, au uichomoe uirudishe.

Mimi hukutana zaidi na Realtek RTL8125, ile ya gigabiti 2.5. Draiva ya re iliyomo kwenye matoleo ya zamani ya FreeBSD haiijui. Dawa yake ni kifurushi cha realtek-re-kmod.

Utakipakuaje bila mtandao? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, kisha pakia draiva ya simu, omba anwani kupitia ue0 (jina ambalo simu hupewa), na usakinishe kifurushi:

kldload if_urndis
dhclient ue0
pkg install realtek-re-kmod

Halafu ongeza kwenye /boot/loader.conf:

if_re_load="YES"
if_re_name="/boot/modules/if_re.ko"

Mstari wa pili ndio watu huusahau, na bila huo kerneli (kiini cha mfumo) hubaki na draiva yake ya zamani. Weka ifconfig_re0="DHCP" kwenye /etc/rc.conf, uwashe mashine upya.