Muuguzi Anapougua: Namna ya Kuamua na Kuomba Mapumziko

Wauguzi wengi huingia zamu wakiwa na homa, si kwa kutojua hatari yake, bali kwa kujua kwamba mwenzao atabaki peke yake na wodi nzima. Huruma hiyo ni ya kweli na inastahili heshima, lakini haifai kuachiwa uamuzi.

Jiulize kwanza kama unachoumwa kinaweza kuwafikia wagonjwa. Ukiharisha au kutapika kwa maambukizi ya tumbo, usirudi wodini kabla ya kupita saa 48 tangu dalili zilipokoma. Ukiwa na mafua yenye homa, subiri angalau saa 24 bila homa na bila kumeza parasetamoli, kwa sababu dawa hiyo hushusha joto la mwili huku virusi vikiendelea kuambukiza. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, hata ukiamini ni vumbi tu. Malaria haiambukizwi kwa kumhudumia mgonjwa, ila muuguzi anayesoma mililita kwenye bomba la sindano huku kichwa kikimzunguka anaweza kukosea dozi ya mtoto, na kosa hilo halirekebishiki kirahisi.

Ukishaamua kupumzika, nenda ukaonwe na daktari siku hiyohiyo, wala usijitibu kimyakimya kwa ushauri wa wenzako wa zamu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hata hivyo, mwajiri halazimiki kulipa asipoletewa cheti cha daktari. Baki na nakala ya ED yako, yaani hicho cheti cha daktari kinachokupa mapumziko.

Kisha mpigie simu kiongozi wa wodi mapema, badala ya kuacha ujumbe kwenye kundi la WhatsApp na kutumaini kwamba utasomwa. Mweleze umepewa siku ngapi na ni kazi gani uliyoiacha njiani, kwa mfano mgonjwa anayengoja majibu ya damu au kidonda kinachopaswa kusafishwa asubuhi. Ukizidiwa ukiwa kazini, kabidhi wagonjwa wako kwa mdomo na kwa maandishi kabla ya kuondoka. Ukiambiwa utafute mwenyewe wa kushika zamu yako, omba kwa adabu kwamba uongozi ulibebe jukumu hilo, kwa kuwa kupanga zamu ni kazi yake.