Mgonjwa wa kilo 150 wodini: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa wauguzi

Simu ya mapokezi ikisema "tunawaletea mgonjwa mnene sana," wodi nyingi huanza kutafuta wanaume wenye misuli. Misuli ndiyo itakayohitajika mwisho kabisa ukiwa umejiandaa.

Mwongozo huu nauandikia wenzangu wa hospitali za wilaya na mikoa, ambako hakuna winchi ya kumnyanyulia mgonjwa wala kitanda kipana cha kuagizwa nje. Ninaowazungumzia ni wagonjwa wenye BMI (kilo gawanya kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe) ya 40 na kuendelea. Nitatumia mfano mmoja: mama mwenye urefu wa sentimita 165 na uzito wa kilo 150, ambaye BMI yake ni 55. Wagonjwa wa namna hii watazidi kuja. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015–16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa 2022 ukakuta wameongezeka. Vitanda vyetu ni vilevile.

Hatua ya 1: Soma vibandiko kabla hajafika

Kila kitanda, machela, kitimwendo na meza ya thieta kina uzito wake wa mwisho, na huandikwa kwenye kibandiko, aghalabu chini ya fremu au nyuma ya kiegemeo. Kwa kitanda, namba hiyo inahesabu godoro, mgonjwa na kila kilicho juu yake, akiwemo ndugu anayependa kuketi ukingoni. Vitimwendo vingi vya kawaida huishia kati ya kilo 100 na 135, kwa hiyo mama yetu hapandi hicho. Kibandiko kikiwa kimebanduka, mwite fundi wa vifaa tiba. Mkishaijua namba, iandikeni kwa makapeni kwenye kifaa chenyewe ili zamu ya usiku isianze upya.

Chagua kitanda chenye nafasi pande zote mbili na kilicho karibu na choo. Ondoa viti vya plastiki karibu yake, maana miguu yake hutanuka na kuteleza bila kutoa onyo. Gauni la hospitali halitamfunga mgongoni. Waombe ndugu walete dera mbili au tatu. Kama daktari ameagiza CT (picha ya mionzi ambayo mgonjwa huingizwa kwenye tundu la mashine), piga simu idara ya mionzi mapema uulize mambo mawili: meza inabeba kilo ngapi, na tundu lina upana gani. Mashine nyingi zina tundu la sentimita 70 hivi, na wapo wagonjwa ambao meza inawabeba lakini mabega au tumbo halipiti. Afadhali mlijue hilo kwa simu kuliko alijue yeye akiwa amelala pale, watu wamemzunguka.

Hatua ya 2: Mpime, usimkisie

Uzito wa kukisia ndio mzizi wa makosa mengi yanayofuata, hasa ya dozi. Mizani nyingi za nyumbani na za kliniki ndogo hukoma kati ya kilo 120 na 180. Ikikoma, chukua mizani mbili za aina moja, ziweke sakafu ngumu zikiwa sambamba, asimame mguu mmoja huku na mwingine kule, watu wawili wasome kwa wakati mmoja, kisha mjumlishe. Asiyeweza kusimama, andika wazi "uzito wa makisio" ili daktari ajue anachokitegemea. Urefu nao ukishindikana, pima urefu wa mikono iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine. Unakaribiana na kimo.

Funga pazia. Soma namba kimya, iandike, basi. Kuna wodi ambazo kilo za mgonjwa hutangazwa kutoka dirishani hadi mlangoni, na kesho yake mgonjwa anakataa kupimwa. Utamlaumu?

Hatua ya 3: Presha kwa mkanda unaomtosha

Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 35 hadi 44 unahitaji mkanda mkubwa. 45 hadi 52 unahitaji ule wa paja. Mkanda mdogo huipandisha presha kwenye karatasi tu, mgonjwa akaanzishiwa vidonge asivyovihitaji. Kama mkanda mkubwa haupo, au mkono umetanuka juu na kuwa mwembamba chini kiasi kwamba mkanda unateleza, pima kwenye kigasha (kati ya kiwiko na kiganja), kikiwa usawa wa moyo. Andika "kigasha" pembeni ya namba, na kila zamu ipime hapohapo, la sivyo mtakuwa mnalinganisha vitu viwili tofauti.

Hatua ya 4: Kichwa juu

Akilala chali, tumbo husukuma kiwambo (msuli wa kupumulia) kuelekea kifuani na mapafu hukosa nafasi. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 tangu anapofika, na usimlaze bapa kwenye machela eti kwa sababu thieta ni hapo jirani. Daktari wa usingizi akihitaji kumwekea mpira wa kupumulia, panga blanketi chini ya mabega na kichwa mpaka tundu la sikio liwe usawa mmoja na kishimo kilicho juu ya mfupa wa kifua. Oksijeni yake hushuka haraka kuliko ya mtu mwembamba, kwa hiyo blanketi hizo ziandaliwe kabla ya dawa ya usingizi kuingia.

Muulize anayelala naye nyumbani: hukoroma kwa nguvu? Kuna wakati pumzi inakatika kisha anashtuka? Jibu likiwa ndiyo, lifike kwa daktari kabla mtu hajachoma mofini, pethidini au diazepamu, dawa zinazoweza kupunguza pumzi, na oksimita (kipimo cha oksijeni ya damu) ibaki kidoleni usiku kucha. Baadhi yao miili imeshazoea hewa chafu (kaboni dayoksaidi) kujazana ndani. Kwao daktari anaweza kuagiza oksijeni ya damu ibaki asilimia 88 hadi 92. Ukiona agizo hilo, usiongeze mtungi kwa huruma.

Hatua ya 5: Kumgeuza na kumwinua

Hapa ndipo wauguzi wanapoumia migongo na wagonjwa wanapochubuka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na swali: "Mama, nyumbani huwa unaamkaje kitandani?" Ameishi na mwili huo miaka mingi. Wengi watakwambia wanageuka upande fulani kwanza, wanashusha miguu, kisha wanashika kitu na kujisukuma. Mpe hicho kitu cha kushika, msubiri amalize. Nimeona watu sita wakihangaika kumnyanyua mtu ambaye alikuwa anaomba tu kitanda kiinuliwe kidogo.

Kama kweli hawezi, fuata mpango huu:

1. Funga breki za magurudumu. Inua kitanda kifike kiunoni mwenu. Mmoja tu ndiye atoe amri, na hesabu iwe ya wazi kwa wote, mgonjwa akiwemo.
2. Kumgeuza, msogezeni kwanza upande ulio kinyume na anakogeukia, ili akigeuka awe katikati ya godoro. Kitanda cha upana wa kawaida hakina akiba.
3. Lazima mtu asimame upande anaogeukia kabla hajaanza kugeuka. Tumbo huhama likiwa na uzito wake na linaweza kumvuta hadi chini.
4. Kumsogeza juu, telezesheni, msinyanyue. Shuka pekee linakwama. Mpelekee fundi cherehani kitambaa cha nailoni, kile kinachoteleza cha miavuli, akishone kama mrija mpana ulio wazi pande zote mbili. Ukiuweka chini ya shuka, tabaka la juu linateleza juu ya la chini. Ukimaliza uutoe, vinginevyo atateleza mwenyewe akiwa amekaa.
5. Marufuku kuvuta kwapani. Mabega yake hayakuumbwa kubeba kilo 150, na yako pia.

Beseni la haja la kitandani humchubua na mara nyingi halimtoshi. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti kipana cha mbao ngumu chenye tundu na mikono ya kushikilia; mwambie kilo utakazokiwekea, si "kiwe imara" tu.

Akianguka, mwache alipo. Mchunguze kama ameumia, mwekee mto, mfunike, umuite daktari. Kisha kusanya watu na vifaa bila papara. Kama amepoteza fahamu na hapumui, kandamiza kifua palepale sakafuni. Mahali pa kukandamiza ni palepale pa kila mtu mzima, kina cha sentimita 5 hadi 6. Mtachoka haraka, kwa hiyo mpokezane hata kabla ya dakika 2.

Hatua ya 6: Ngozi ya kwenye mikunjo

Kila zamu, kwa ruhusa yake, angalia chini ya matiti, chini ya tumbo, kinenani, kati ya matako na nyuma ya shingo. Inua mkunjo kwa mikono miwili, mwenzako ndiye asafishe. Maji ya vuguvugu, sabuni laini, kisha kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Poda achana nayo. Ikichanganyika na jasho la Dar es Salaam inakuwa uji. Weka kipande safi cha khanga kuukuu iliyolainika ndani ya mkunjo na ukibadilishe kila kikilowa. Wekundu wenye vipele vidogo pembeni na mwasho ni fangasi mpaka ithibitike vingine; mwambie daktari, krimu ya klotrimazoli kwa kawaida inatosha.

Vidonda vya mgandamizo kwake havikai kwenye kisigino na makalio tu. Tafuta pale nyonga inapobanwa na kingo za kitanda, na pale mpira wa mkojo au wa dripu unapopita chini ya paja. Pekua pia vitu vilivyosahaulika, kwa sababu kifuniko cha sindano kikikaa ndani ya mkunjo usiku mmoja kinaacha jeraha. Mgeuze kila saa 2, hata kama ni mteremko mdogo tu wa mto chini ya nyonga moja.

Hatua ya 7: Kilo zipi zinaingia kwenye hesabu ya dozi?

Dozi ni ya daktari na mfamasia, ila wewe ndiye unayevuta dawa kwenye bomba, kwa hiyo jua kuuliza. Mafuta hayapokei kila dawa sawasawa. Tuchukue jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Kwanza tafuta uzito unaofaa kwa kimo: kwa mwanamke, 45.5 jumlisha 0.91 mara sentimita zinazozidi 152.4, kwa mwanamume anza na 50. Mama yetu anapata kilo 57. Kisha chukua asilimia 40 ya ziada (150 toa 57 ni 93), yaani 0.4 mara 93, ujumlishe na 57: kilo 94. Kwa miligramu 5 kwa kilo, dozi ni kama 470. Ungetumia 150 ungempa 750, na jentamaisini huharibu figo na masikio.

Dawa nyingine hufuata uzito wote, suksametoniamu ya thieta, ya kulegeza misuli, ikiwa mojawapo. Parasetamoli haijali: gramu 4 kwa siku ndizo kikomo hata kwa mtu wa kilo 200. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni fupi: "Dozi hii ni kwa uzito upi?"

Hatua ya 8: Sindano, mirija na damu kuganda

Sindano ya takoni mara nyingi huishia kwenye mafuta. Tumia bega au upande wa nje wa paja, kwa sindano ndefu. Kanula (mrija wa dripu wa kwenye mshipa) ijaribiwe mgongo wa kiganja, na kama kuna ultrasaundi, mwite anayeijua kabla hamjamtoboatoboa. Mpira wa mkojo kwa mwanamke ni kazi ya watu wawili, na kumlaza ubavu husaidia sana kuona. Heparini ya kuzuia damu kuganda inaweza kuhitaji kuongezwa kwa BMI ya 40 na zaidi, kwa hiyo uliza. Soksi za kubana zisizomtosha zivue, zinajikunja na kukaba mguu. Kutembea hata hatua chache kuna faida kuliko hizo soksi.

Hatua ya 9: Chakula

Kidonda kikiwa kinapona si wakati wa kumnyima. Mtu wa kilo 150 anaweza kuwa na upungufu wa protini, kwa hiyo samaki, mayai na maharage vije kwanza, soda na maandazi ya ndugu yapungue. Zungumza na ndugu hao faragha, si mbele ya wodi nzima.

Hatua ya 10: Kumruhusu au kumpa rufaa

Kabla hajaondoka uliza choo cha nyumbani ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, analala chini au kitandani, na kuna ngazi ngapi. Anayetaka kupunguza uzito kwa tiba, hospitali ya Mloganzila, iliyo chini ya Muhimbili, huweka puto tumboni na hufanya upasuaji.

Kwenye barua ya rufaa ongeza mstari ambao fomu haina: kilo zake na tarehe ya kupimwa, aina ya mkanda wa presha, anavyoamka mwenyewe, na idadi ya watu wanaohitajika kumgeuza. Halafu mpigie dereva wa ambulensi umuulize machela yake inabeba kilo ngapi.