Kuchambua plastiki ya ufukweni hadi mnunuzi aipokee

Naandika haya baada ya kusaidia kikundi cha vijana huku Lamu. Mnunuzi aliwarudishia magunia yao kwa sababu chupa, kamba na malapa vilikuwa vimechanganywa. Waliumia, na haki yao, maana jasho lilikuwa limeshatoka.

Hatua ya 1: Tazama mwezi
Bamvua la mwezi mwandamo au mwezi mpevu hupandisha maji hadi juu kabisa na kuacha taka kwenye mstari mmoja. Nendeni maji yakishatoka.

Hatua ya 2: Okoteni
Glavu, kisu, magunia ya mchele yaliyotumika. Reki siitaki ufukweni: inakokota mwani mkavu unaoshika mchanga, na huko juu kuna viota vya kasa. Wavu uliofukiwa ukateni, msiuvute. Sindano ziingie kwenye dumu gumu lenye kifuniko.

Hatua ya 3: Chambueni
Hapa ndipo siku nzima huishia. Plastiki mpya ina namba ndani ya pembetatu: 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni madumu na chupa za sabuni, 5 ni makopo mengi ya chakula. Iliyotoka baharini imesuguliwa na mchanga hadi namba imefutika, na rangi haikwambii kitu. Tumia maji, na ya bahari yanafaa. Usimalize ya kisima.

Kata kipande cha upana wa ukucha, kipake sabuni ili viputo visikishike, kizamishe hadi chini ya ndoo, kisha kiachie. Namba 2 na 5 huelea, namba 1 huzama. Usijaribu chupa nzima, kwa sababu hewa iliyomo itaifanya ielee. Viumbe vyenye magamba vilivyoganda juu yake vikwangue kwanza, vinaongeza uzito. Kizibo si plastiki moja na chupa yake, kwa hiyo kitoe pamoja na pete ya shingoni.

Kamba za polipropilini (plastiki ileile ya namba 5) huelea, nyavu za nailoni huzama. Kamwe zisilale gunia moja.

Malapa na maboya ya povu huelea pia, lakini kwa sababu ya hewa iliyomo. Malapa yabonyeze kwa kidole. Yakirudi, yana rundo lake. Msiyatupe: dau la Flipflopi, lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, lilivikwa malapa ubavuni.

Vipande vya mabomba ya PVC huzama pamoja na chupa. Hivyo vitafuteni kwa macho na mikono, tena mara mbili, maana kidogo tu huharibu chupa zikiyeyushwa. Wako wanaochoma kipande na kunusa moshi ili kuitambua PVC. Nakataza kabisa, hasa mkiwa na watoto: PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu.

Kipande kinachokatikakatika ukikikunja kimeliwa na jua. Kiwekeni kando kiende jaani. Kikibaki ufukweni kitasagika hadi kisiokoteke tena.

Hatua ya 4: Kausheni, pimeni
Kung'uteni mchanga. Pimeni kila aina peke yake na muandike uzito kabla gunia halijaondoka, ili mizani ya mnunuzi ikisema vingine muwe na hesabu yenu mkononi.