Somo: Utando wa seli, kuanzia kiazi chenye shimo hadi pakiti ya ORS

Wanafunzi wengi huanza mada ya seli kwa kukariri: kiini, mitokondria, ribosomu, vakuoli, na mstari mmoja wa kazi kwa kila kimoja. Mtihani ukipita, vyote vimesahaulika. Naona tunaanzia mahali pasipofaa. Anza na utando, kile kiwambo chembamba kinachoizunguka seli, maana utando ukipasuka hakuna seli tena hata kama kiini bado kimo. Ukishajua nini kinapita pale na nini kinazuiwa, viungo vingine vya seli vinakuwa na sababu ya kuwepo.

Somo hili halihitaji maabara. Linahitaji jiko, viazi na usiku mmoja.

Hatua ya 1: Andaa viazi

Tafuta viazi mviringo vitatu vinavyokaribiana ukubwa, sahani tatu zenye kina, maji safi na sukari. Kiazi kimoja kichemshe kizima hadi kiive, kisha kiache kipoe. Vyote vitatu vikate kidogo upande wa chini visimame imara, na uvimenye ganda kuanzia chini hadi kama sentimita 2 kwenda juu. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ganda la kiazi halipitishi maji kirahisi, kwa hiyo usipolimenya utakaa hadi kesho bila kuona kitu. Upande wa juu chimba shimo kwa kijiko, lisitoboke hadi chini.

Kiazi A ni kibichi: tia kijiko kimoja cha chai cha sukari shimoni. Kiazi B pia ni kibichi, shimo lake liache tupu. Kiazi C ni kile kilichochemshwa: nacho kitie sukari kiasi kilekile. Viweke kwenye sahani, mimina maji yafike kwenye sehemu uliyomenya, funika (sisimizi hawaheshimu sayansi) na uviache hadi asubuhi.

Hatua ya 2: Soma majibu kabla ya kusoma daftari

Asubuhi shimo la A litakuwa na maji mengi ya sukari, na maji ya sahani yatakuwa yamepungua. Shimo la B ni kavu. C sukari yake imelowa, lakini maji hayakupanda kama kwenye A.

B inatuambia kwamba maji hayapandi bure, lazima kuwe na kitu cha kuyavuta. Lakini kiazi cha maana kuliko vyote ni C. Kina wanga uleule, kuta za seli bado zipo, sukari ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba moto umeharibu utando wa kila seli. Kwa hiyo kazi tuliyoiona kwenye A haikufanywa na kiazi kwa ujumla wake wala na sukari peke yake. Imefanyika kwa sababu ya utando ulio mzima, unaoruhusu maji kupita na kuzuia sukari isitawanyike ovyo.

Kachumbari ni ushahidi huohuo. Ukinyunyiza chumvi kwenye nyanya na vitunguu, baada ya muda bakuli lina maji ambayo hukuyamimina. Yametoka ndani ya seli.

Hatua ya 3: Pita haraka ndani ya seli

Kama shule yenu ina darubini, bandua ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, iweke kwenye kioo, dondoshea tone la iodini na utazame. Utaona kuta, na ndani ya kila seli doa moja la mviringo: kiini. Usitafute kloroplasti. Kitunguu hukua kimejificha na mwanga, na swali hili limewaangusha watu mitihanini mara nyingi. Robert Hooke, Mwingereza aliyeandika kuhusu seli mwaka 1665, alikuwa akitazama gamba la mti lililokwisha kufa, kwa hiyo alichoona ni kuta tupu.

Badala ya kukariri orodha, fuata safari ya protini moja inayokwenda kukaa kwenye utando. Maelekezo ya kuitengeneza yamo kwenye kiini. Nakala ya maelekezo hutoka na kufika kwenye ribosomu, na hapo protini huundwa. Huingia kwenye retikulamu endoplazimu ikakunjwa vizuri, hupelekwa kwenye vifaa vya Golgi vinavyoikamilisha na kuifungasha kwenye kifuko kidogo, na kifuko hicho huenda kuungana na utando. Nishati ya kazi nyingi za safari hiyo, katika umbo la ATP, hutoka hasa mitokondria. Hapo umeshataja viungo vitano kwa hadithi moja.

Hatua ya 4: Utando wenyewe

Una unene wa nanomita 7 hadi 10 hivi. Darubini ya shule haiwezi kuuonyesha. Umejengwa kwa fosfolipidi zilizojipanga safu mbili: vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani ya seli, mikia ya mafuta inayokimbia maji imetazamana katikati. Protini zimepachikwa humo, na nyingi zinaweza kuteleza huku na huko ndani ya utando. Picha hii ya utando ulio majimaji ilitolewa na wanasayansi Singer na Nicolson mwaka 1972.

Kwa sababu katikati ni mafuta, oksijeni na kabonidayoksaidi hupenya bila shida. Glukosi, aina ya sukari, haiwezi kupenya yenyewe. Ioni za sodiamu na potasiamu haziwezi kabisa, ingawa ni ndogo mno, kwa kuwa zina chaji. Maji hupenya kidogo kidogo, ila seli nyingi zina mifereji maalumu ya maji iitwayo akwaporini. Peter Agre wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kuigundua.

Hatua ya 5: Namna za kupita

Difyusheni ni chembe kusambaa kutoka zilipo nyingi kwenda zilipo chache. Zikipita katikati ya mafuta, ni difyusheni ya kawaida. Zikihitaji mlango wa protini, ni difyusheni ya kusaidiwa. Zote mbili hazitumii ATP. Osmosisi ni safari ya maji kupitia utando unaochagua, kutoka kwenye mmumunyo uliozimuka kwenda kwenye uliokolea. Kwenye kiazi A, maji yametoka sahani, yakapita seli moja hadi nyingine, yakaishia kwenye sukari.

Kisha kuna kwenda kinyume, chembe kutoka zilipo chache kwenda zilipo nyingi. Hapo seli lazima ilipe. Pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyogunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, hutoa ioni 3 za sodiamu nje na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila ATP moja. Sodiamu huvuja tena kuingia kupitia milango mingine ya protini, pampu huitoa tena, kama mvuvi anayefua maji kwenye ngalawa inayovuja. Matokeo yake, sodiamu nje ya seli ni karibu mara 10 ya iliyomo ndani. Shikilia tofauti hiyo, ndiyo ufunguo wa hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Utando unaookoa maisha

Kwenye utumbo mdogo kuna protini inayobeba sodiamu na glukosi kwa pamoja: sodiamu 2 na glukosi 1. Sodiamu inataka kuingia kwa sababu pampu imeifanya iwe chache ndani, nayo huikokota glukosi. Vyote viwili vikishaingia na kuelekea kwenye damu, maji huvifuata kwa osmosisi. Robert Crane alieleza wazo hili la sodiamu na glukosi kusafiri pamoja katika mkutano mjini Prague mwaka 1960.

Sasa tazama kipindupindu. Sumu ya bakteria hao hulazimisha milango ya kloridi ya seli za utumbo ikae wazi. Kloridi hutoka, sodiamu hufuata, maji nayo hufuata, na mgonjwa huharisha maji matupu lita kwa lita. Lakini ile protini ya sodiamu na glukosi haiguswi na sumu. Mlango huo unabaki mzima, na ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari anaonyweshwa mtu anayeharisha, hupitia hapo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, dripu zilipoanza kuisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na glukosi. Vifo vilishuka hadi chini ya 4 kati ya kila wagonjwa 100.

Pakiti ya sasa ya fomula ya Shirika la Afya Duniani, kwa lita moja ya maji, ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti. Glukosi na sodiamu hapo zinalingana kwa idadi ya chembe. Hakuna aliyeweka sukari ili dawa iwe tamu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Kiazi changu C nacho kilikuwa na maji shimoni. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Huenda hujakosea. Kiazi kilichochemshwa huwa kimelowa, na sukari huyeyuka kwenye unyevu huo. Linganisha kiasi, usiangalie kama yapo au hayapo. Lakini kama C imejaa sawa na A, kichunguze chini: kikiiva sana hupasuka, na maji ya sahani huingia kwa ufa.

*Mwalimu, kama sukari ndiyo inaingiza sodiamu, kwa nini tusiongeze sukari mtoto apone haraka? Au nimpe soda?*

Hapana, mama. Rudi kwenye kiazi A: sukari ikizidi shimoni, maji huelekea kwake. Utumbo nao ni hivyohivyo. Soda nyingi zina karibu gramu 100 za sukari kwa lita, na sodiamu kidogo sana. Sukari isiyowahi kunyonywa hubaki utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini, kuhara kunaongezeka. Tumia pakiti kama ilivyoandikwa. Ukikosa kabisa pakiti, ni lita moja ya maji safi na salama, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari, vyote vya kusawazishwa, si vya mlima. Sukari ya mezani huvunjwa utumboni ikawa nusu glukosi na nusu fruktosi, ndiyo maana vijiko vinaonekana vingi. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Mtoto akilegea, akishindwa kunywa au macho yakibonyea, mpeleke kituo cha afya mara moja.

*Na dafu?*

Maji ya dafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Ni kinywaji kizuri, ila kwa mtu anayeharisha sana hayashiki nafasi ya ORS.

*Kwa nini dripu haiwekwi maji matupu yaliyochemshwa?*

Chembe nyekundu za damu zingevuta maji kwa osmosisi hadi zipasuke, kwa kuwa hazina ukuta. Dripu ya chumvi ina gramu 9 kwa lita, kiasi kinacholingana na ukolezo wa damu, hivyo chembe hazivimbi wala hazisinyai. Seli ya mmea ukiiweka kwenye maji matupu hutuna tu, kwani ukuta huizuia. Mchicha ulionyauka ukilowekwa hurudi kusimama kwa sababu hiyo.

*Mimi ni mkulima. Mahindi yangu yaliungua baada ya kuweka mbolea ya chumvichumvi karibu na shina. Ni mambo hayahaya?*

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mbolea ikiyeyuka kwa wingi mahali pamoja, maji ya udongo hukolea kuliko maji ya ndani ya mizizi, na mzizi huanza kupoteza maji badala ya kuyapata. Mmea unakauka huku udongo umelowa. Weka mbolea mbali kidogo na shina, udongo ukiwa na unyevu, na uifukie.

*Hatuna viazi mviringo huku kwetu. Naweza kutumia mhogo?*

Unaweza, au kiazi kitamu, au papai bichi. Papai huchimbika kirahisi kuliko vyote. Chochote utakachotumia, kipande cha A na cha C vitoke kwenye tunda au mzizi mmoja, na baada ya kukaa usiku kucha usivirudishe chunguni.