SOMO: Tumbawe unalofuga kwenye tangi la maji ya chumvi limepauka? Soma kabla hujanipigia

Wiki hii nimejibu swali hili mara nne, mbili kati ya hizo saa tano usiku. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namwelekeza hapa.

1. Pima chumvi, joto na alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi). Usitie dawa yoyote kabla.

2. Punguza mwanga nusu. Tumbawe jeupe limetimua mwani unaoishi ndani ya nyama yake, na huo ndio mpishi wake. Taa rudisha kidogo kidogo, wiki tatu nne.

3. Joto nyuzi 25 hadi 26. Feni ya mezani ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili hivi.

4. Chumvi. Hapa ndipo nilipoharibu. Feni inakausha maji, lakini chumvi haiondoki. Mimi kila yakipungua naongeza ndoo ya maji ya bahari ya Raskazone, hapa Tanga, najiona mjanja. Miezi miwili, kipimo cha chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu) kinasoma 1.031. Kiherehere kikanishika: nikatoa maji mengi, nikatia matamu, siku ile ile nikashusha hadi 1.025. Asubuhi nyama inaning'inia kama ganda la kitunguu, mfupa mtupu nyuma yake. Kwa hiyo: yaliyokauka fidia kwa maji matamu ya RO (yaliyochujwa kwa mashine), SI ya bahari, SI ya bomba yenye klorini. Chumvi ikishapanda, shusha 0.001 kwa siku, usizidishe HATA KAMA una haraka. Ya bahari ni ya siku ya kubadilisha maji tu.

5. Taa zikizimwa, lishe uduvi uliosagwa kwa bomba la sindano. Kidogo.

MASWALI

Wa Ngamiani: Mkuu, langu limekuwa jeupe, nifanyeje?
— Namba 1 mpaka 5.
Wa Ngamiani: Nimesoma, nataka dawa ya haraka.
— Haipo. Chumvi inasoma ngapi?
Wa Ngamiani: Sina kipimo.
— Basi tunabahatisha wote wawili. Kanunue.

Binti Makorora: Shikamoo kaka. Nitajuaje limekufa au limepauka tu?
— Marahaba mdogo wangu, hilo ndilo swali. Zima taa, ngoja saa moja, mulika tochi kwa pembeni. Ukiona utando mwembamba unang'aa, na vidole vidogo vimechomoza, lina uhai na lina njaa. Lililokufa halichelewi kuota mwani wa kijani juu ya mfupa. Likiwa nusu kwa nusu usilitupe, nyama inaweza kutambaa tena. Ukipata picha nitumie.

Wa Chumbageni: Maji ya bahari masika hii yanafaa?
— Acha. Mvua inayazimua na mto Sigi unamwaga tope. Mvua zikiisha, chota maji yakijaa, mbali na bandari.
Wa Chumbageni: Na nikivunja tumbawe jipya pale mwambani?
— Hapana, na usiliandike tena humu. Omba kipande kwa anayefuga.

Mzee wa Nguvumali: Hamjasema umeme ukikatika. Mimi nina pampu ya hewa ya betri, natupa kijiwe chake cha kutoa viputo tangini nalala.
— Mzee, hiyo nimeichukua. Inadumu saa ngapi?
Mzee wa Nguvumali: Sijui, umeme huwa unaiwahi. Ila mwezi uliopita nilisahau kuichaji.