Jinsi ya kupeleka ombi la sheria katika bunge la kaunti

Soko lisilo na choo wala maji halitatengenezwa kwa kelele za barazani. Nchini Kenya, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria. Si lazima uwe na wakili. Tutatumia mfano huo wa soko hadi mwisho.

Kwanza hakikisha mmebisha mlango unaofaa. Soma Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya Pili: masoko, zahanati, elimu ya chekechea, maji na uzoaji taka ni kazi za kaunti. Polisi na shule za sekondari ni za serikali ya kitaifa, na ombi kuhusu hayo litakwama hata likiwa na sahihi elfu moja. Chunguza pia kama sheria ipo tayari. Mara nyingi ipo, na kinachokosekana ni fedha. Kudai sheria ya pili hapo ni kupoteza mwaka mzima.

Kisha tafuta takwimu. Iandikie kaunti barua kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ukiuliza ada iliyokusanywa sokoni mwaka wa fedha uliopita na kiasi kilichorudi kulikarabati. Afisa ana siku 21 za kukujibu. Mkisubiri, hesabuni wenyewe: vibanda vingapi, vyoo vingapi vinafanya kazi, mfereji una maji saa ngapi kwa siku. Hesabuni siku ya soko na siku ya kawaida, maana anayetaka kuwapinga atadai mlichagua siku mbaya.

Ombi lenyewe laweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Taja hatua mlizokwisha kuchukua na majibu mliyopata, na kama suala liko mahakamani. Kila anayeunga mkono aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole. Andika mada juu ya kila ukurasa, kwani karatasi ya sahihi isiyo na mada ni rahisi kukataliwa kwamba watu hawakujua wanachosaini. Kabla ya kuchapisha, pata kanuni za kudumu za bunge lenu, yaani taratibu zake za kuendesha shughuli, kutoka kwa karani wa bunge, kwa sababu kila kaunti ina zake.

Sehemu inayoharibika zaidi ni dua ya mwisho. “Tunaomba mtusaidie” haimpi mtu yeyote kazi. Andika hivi: “Tunaliomba Bunge litunge sheria itakayolazimu kila soko la kaunti kuwa na vyoo tofauti vya wanawake na wanaume, maji ya bomba, na sehemu maalumu ya ada ya soko ya kuvitunza.”

Peleka nakala mbili kwa karani wa bunge, moja irudi nawe ikiwa na muhuri na tarehe. Mwakilishi wadi pia anaweza kuliwasilisha, na ni vyema awe anayeketi katika kamati inayohusika, hata kama si wa wadi yenu. Huyo ndiye atakayeuliza kamati inapochelewa.

Muswada, yaani rasimu ya sheria, ukizaliwa kutokana na ombi lenu, utafika hatua ya maoni ya umma, ambayo Kifungu cha 196 cha Katiba kinaitaka. Matangazo huweza kutoka siku chache tu kabla, hivyo ulizeni ofisini kwa karani kila wiki. Msitegemee kusema tu; wasilisheni maandishi yenye safu tatu: kifungu cha muswada, maneno mnayopendekeza, sababu.

Fedha zina kalenda yake, na hapa ndipo tunaposisitiza kuliko pote. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Choo kisichotajwa katika mpango wa Septemba ni vigumu sana kukiingiza Mei. Pelekeni pendekezo la fedha Julai au Agosti, hata kama muswada haujapita.

Muswada ukipita, gavana ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha na sababu zake. Ukirudishwa, ombeni nakala ya sababu hizo siku hiyohiyo na muijibu kamati kwa maandishi, hoja kwa hoja.