Kabla Droni Haijavuka Tunduma: Mambo ya Kuzingatia Unaposafiri Nayo Nje ya Nchi

Aliyejifunza kurusha droni Uyole, Makete au pembezoni mwa mji wa Iringa amejifunza mahali pakarimu. Mashamba ni mapana, maghorofa ni machache, na asubuhi upepo huwa bado umelala. Shida humkuta mezani pa afisa forodha, begi likishafunguliwa. Kisheria kifaa kile kimoja kinahesabiwa mara nne: ni bidhaa inayoingia nchini, ni chombo cha anga, ni kamera, na katika nchi nyingi ni jambo la ulinzi. Kila hesabu ina ofisi yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na karatasi halali kabisa na bado akanyang'anywa droni: karatasi yake imejibu swali moja tu kati ya manne.

Maandalizi yaanzie nyumbani. Tanzania, droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na suala la kuiingiza na kuirusha hupitia pia Wizara ya Ulinzi. Karatasi hizo utazihitaji zaidi siku ya kurudi kuliko siku ya kuondoka. Afisa wa Tunduma, au wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, hawezi kujua kwa kuitazama tu kwamba droni iliyomo begini ilitoka Mbeya wiki mbili zilizopita na haikununuliwa jana Guangzhou. Beba nakala ya usajili, risiti ya kununulia, na picha za namba za utambulisho za droni, rimoti na kila betri. Siku ya kutoka, ionyeshe forodha na uombe iandikwe kwamba imetoka nawe. Dakika kumi hizo zinaweza kukuepusha na ubishi wa ushuru wakati wa kurudi.

Usajili wa TCAA, hata hivyo, hauvuki mpaka. Watu wa kwetu hukosea hapa kwa sababu Nakonde ni pua na mdomo na Tunduma, na Kasumulu mtu huvuka kwenda Malawi asubuhi akarudi jioni. Ukishavuka uko chini ya mamlaka nyingine ya anga, na anga ya Zambia au Malawi haina habari na cheti chako. Iandikie mamlaka ya nchi unayokwenda wiki sita hadi nane kabla. Barua itaje aina ya droni, uzito wake, namba yake, nani atairusha, tarehe, mahali kwa majina na nyuzi za ramani, na sababu ya kurusha. Ambatisha nakala ya pasipoti, ushahidi wa mafunzo kama unao, na bima. Jibu liwe la maandishi. Neno la karani kwenye simu halitakusaidia mbele ya polisi wa kizuizi.

Eneo nalo lina mwenyewe. Mtu anayekwenda Zambia karibu lazima afikirie maporomoko ya Victoria, na pale ruhusa ya anga peke yake haitoshi: upande wa Zambia ni hifadhi ya taifa ya Mosi-oa-Tunya, helikopta za watalii hupita juu siku nzima, na ng'ambo ya mto ni Zimbabwe. Sekunde chache za kusukuma kijiti mbele zinaipeleka droni nchi nyingine. Mto Songwe, unaotutenganisha na Malawi, una hatari ileile kwa mtu anayedhani anapiga picha za mpunga wa Kyela tu. Karibu na mpaka wowote, ama simama mbali ama uache kabisa.

Tena, usipime ukarimu wa nchi kwa habari za redioni. Malawi ilifungua ukanda wa majaribio ya droni za misaada Kasungu mwaka 2017 pamoja na UNICEF, na Rwanda droni zinasafirisha damu kwenda hospitali tangu 2016. Hizo ni kazi zilizopangwa na serikali, zenye njia zake na urefu wake. Mgeni mwenye droni ya mkononi bado anaomba kibali kama kawaida. Kenya nayo ina kanuni zake za mwaka 2020. Usifike Nairobi na droni begini kabla ya kuwa na idhini ya mamlaka yao ya anga, KCAA.

Zipo nchi ambazo jibu la busara ni kuiacha nyumbani. Moroko huzuia droni za wasafiri kwenye uwanja wa ndege. Misri, kwa sheria ya mwaka 2017, inataka ruhusa ya Wizara ya Ulinzi hata kwa kuwa nayo tu. India, ambako ndugu wengi huenda kwa matibabu, ilipiga marufuku uingizaji wa droni za kigeni Februari 2022. Falme za Kiarabu zilisimamisha urushaji wa burudani Januari 2022, na kulegea kulikofuata kumekuja na masharti ya usajili na maeneo maalumu. Ukipita Dubai kubadilisha ndege tu bila kutoka nje, suala ni jepesi. Ukilala mjini, begi lako linapita forodha, na hapo sheria za nchi ile zinakuhusu.

Kwa Ulaya mambo yamepangika vizuri, na kwa maoni yetu ndiko mgeni anakoweza kujiandaa akiwa Mbeya bila kubahatisha. Kanuni moja ya Umoja wa Ulaya inatumika tangu 31 Desemba 2020. Mgeni hujisajili katika nchi ya kwanza atakayorushia, mara moja, na namba anayopewa anaibandika kwenye droni. Haina haja ya kusajili tena akivuka kwenda nchi nyingine ya Umoja. Kwa droni nyingi za 250 g na kuendelea kuna mtihani wa mtandaoni wa maswali 40, kufaulu ni asilimia 75, na cheti kinadumu miaka 5. Mwisho wa kupaa ni mita 120, na droni uione kwa macho yako muda wote. Ulaya haiulizi kama unalipwa, inauliza hatari. Bima inategemea nchi: Ujerumani, kwa mfano, inaitaka kwa kila droni.

Uingereza ina njia yake. Tangu 1 Januari 2026, anayerusha droni ya 100 g au zaidi anatakiwa kuwa amefaulu mtihani wao wa mtandaoni, na yenye kamera inahitaji pia usajili wa mwenye nayo. Marekani, droni ya burudani husajiliwa kuanzia 250 g kwa dola 5 kwa miaka mitatu, na mrushaji hufanya mtihani mfupi wa usalama hata kama droni yake ni nyepesi. Droni inayotakiwa kusajiliwa lazima pia ijitangaze yenyewe kwa mawimbi ya redio: namba yake na mahali ilipo. Hifadhi za taifa za huko zimefungwa kwa droni tangu 2014. Kule, video ya kulipwa, hata ya harusi ya ndugu, inahesabiwa kazi na inataka leseni nyingine. Viza ya utalii nayo hairuhusu kazi. Afrika Kusini inamtaka mrushaji wa burudani akae mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyo yake, na asikaribie uwanja wa ndege ndani ya kilomita 10.

Kutokana na haya utaona kwamba zile 249 g zinazoandikwa kwenye boksi si pasipoti. Ulaya kamera peke yake inakuingiza kwenye usajili hata droni ikiwa nyepesi. Uzito wenyewe pia hudanganya: Mini 3, droni ndogo ya kampuni ya DJI, ikiwekwa betri kubwa inayouzwa kando inafika karibu 290 g, na kinga za mapanga (mabawa yanayozunguka) au stika huongeza gramu zake. Ipime droni ikiwa tayari kuruka, kwa mizani ndogo ya jikoni au ya sonara, na uandike namba uliyoiona wewe.

Sasa betri, maana huku ndiko safari nyingi huharibikia kabla hata ya kufika. Mashirika ya ndege hayahesabu miliampea-saa (mAh). Yanahesabu nishati kwa wati-saa (Wh). Zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya kawaida ya Mini 3 ni 2,453 mAh, yaani ampea-saa 2.453, mara volti 7.38: karibu 18.1 Wh. Ya Mavic 3, droni nyingine ya DJI iliyo kubwa zaidi, ni 5 mara 15.4, sawa na 77 Wh. Zote ziko chini ya 100 Wh, kwa hiyo zinaruhusiwa. Kati ya 100 na 160 Wh unahitaji idhini ya shirika, na za akiba haziwi zaidi ya mbili. Juu ya 160 haipandi ndege ya abiria. Kwa hiyo wapima mashamba ya chai au parachichi wanaotumia Matrice 300, droni kubwa ya kazi ya DJI, wajue kwamba betri yake moja ya TB60 ni 274 Wh: hiyo inasafirishwa kama mzigo wa hatari, na lazima upange mapema.

Betri za akiba ni za mkononi siku zote, pamoja na pawabenki, kamwe si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Sababu ni moto: betri ya lithiamu ikiguswa nguzo zake mbili na funguo au sarafu hupata moto ambao hauzimiki kirahisi, na mhudumu hawezi kuufikia huko chini. Funika nguzo kwa utepe wa umeme au weka kila betri katika mfuko wake. Zisiwe zimejaa, nusu inatosha. Iliyovimba iache nyumbani. Jambo moja ambalo wanaopandia ndege viwanja vya Songwe na Iringa wanapaswa kulikumbuka: kwenye ndege ndogo, begi la mkononi wakati mwingine huchukuliwa mlangoni likawekwa chini na mizigo. Toa betri kwanza, ubaki nazo. Ukisafiri kwa basi kwenda Lusaka au Lilongwe, usiziweke kwenye buti, na usiziache dirishani penye jua.

Kuna tabia ya nyanda za juu inayovunja sheria bila mrushaji kujua, nayo ni ya urefu. Namba unayoiona kwenye skrini hupimwa kutoka pale droni ilipopaa. Ukisimama kwenye ukingo wa mlima Loleza ukairusha mbele juu ya bonde, skrini inaweza kusema mita 20 huku ardhi iliyo chini ya droni iko mita mia kadhaa chini yake. Ulaya mita 120 zinapimwa kutoka ardhi iliyo karibu zaidi na droni, kwa hiyo ukiwa kwenye milima ya Uswisi au Italia, unaposogea kutoka kilimani lazima ushuke na mteremko. Ukienda kinyume, kutoka bondeni kupanda, hatari ni nyingine. Ule urefu uliouweka wa droni kurudi yenyewe nao huhesabiwa kutoka sehemu ya kupaa. Ukiwa mdogo kuliko kilima kilichoko njiani, droni itarudi kwa utiifu mkubwa moja kwa moja ndani ya kilima.

Baridi ya Juni na Julai imewafundisha watu wa Kitulo na Njombe kuweka betri mfukoni, na mafunzo hayo yanafaa vilevile majira ya baridi ya Ulaya. Joto ndilo geni kwetu. Droni nyingi ndogo zina ukomo wa nyuzi 40, na mchana wa Ghuba unaufikia. Juu ya bahari au ziwa usishuke karibu na maji, kwa sababu vihisi vya chini huchanganywa na mng'ao na mawimbi.

Wiki moja kabla ya kuondoka, ukiwa bado na intaneti nzuri, sasisha programu ya droni, rimoti, betri na simu, kisha irushe mara moja upya. Hakikisha droni haitakataa kupaa huko ugenini ikidai masasisho ya megabaiti mia tano. Pakua ramani za eneo. Ukifika, rekebisha dira ya droni, kwani umesogea zaidi ya kilomita 50, na ufanye hivyo mbali na magari na zege lenye nondo. Usitegemee programu ikuzuie: DJI iliondoa vizuizi vyake vya moja kwa moja Ulaya kuanzia 2024 na Marekani Januari 2025, ikabakiza maonyo. Ikikubali kupaa, maana yake ni kwamba mota zinafanya kazi. Kibali ni suala lingine.

Ukiwa mahali pa kurushia, kibali kiwe kimechapishwa, si kwenye simu ileile inayoendesha droni. Polisi akikufuata, sema kwamba unaishusha kwanza, ishushe taratibu, zima mapanga, ndipo utoe karatasi. Akitaka kuona picha, muonyeshe. Ikiwa forodha wameizuia, usigombane. Omba stakabadhi yenye namba ya droni, jina la kituo na tarehe, na uulize kama utaichukua wakati wa kutoka na kwa mlango upi, maana ukiingilia Nakonde ukatokea uwanja wa ndege wa Lusaka, droni itabaki Nakonde.